Mwalimu Izinoti

Ukishika barabara inayotoka Matai kwenda Kasanga, kabla nyumba hazijaisha, utakuta shule ya msingi iliyozungukwa na mikaratusi iliyopinda yote upande mmoja kwa upepo. Ukimsimamisha mtoto pale ukamuuliza alipo Mwalimu Kalisti, atakutazama kama umemuuliza habari za Ulaya. Muulize alipo Izinoti. Atakushika mkono akupeleke mpaka mlangoni.

Jina hilo walimpa watoto, na lilitoka kwenye kazi yake mwenyewe. Kila mwaka, walipofika kwenye somo la kukanusha sifa za vitu, Mwalimu Kalisti aliingia darasani na gunia. Alitoa sufuria, akatoa jiwe, akatoa kikapu, akatoa na kuku akiwa amefungwa miguu. Akainua sufuria na kutangaza: “The pot is big!” Kisha akatikisa kichwa kwa huzuni ya kuigiza, akasema: “The pot is not big.” Watoto wakapokea kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mashine ya kusaga: “Ze poti izi noti bigi!” Jiwe izi noti hevi. Kuku izi noti blaki. Asubuhi nzima wanakanusha, vitu vikubwa si vikubwa tena, vizito si vizito, na mwalimu anatembea kati ya madawati amefumba macho kama anasikiliza kwaya. Yeye aliamini kwamba mtoto akishajua kusema kitu kikoje na hakikoje, Kiingereza kingine atakiokota njiani.

Mwanzoni jina lilimkera. Baadaye alilizoea, hata wazazi wageni wakawa wanamwamkia, “Shikamoo, Mwalimu Izinoti,” wakidhani ndilo la ubatizo, naye akaitika marahaba bila kuwasahihisha.

Mwaka huu amemwomba mwalimu mkuu ampe somo jingine. Anafundisha hesabu. Walimu wenzake wanasema ni uzee, wengine wanasema ni majonzi ya kufiwa na mke, yatapita. Majonzi ni kweli. Kupita ndiko ambako yeye mwenyewe hakutarajii, na akisikia darasa la jirani likiimba somo lake la zamani hutoka nje akasimama nyuma ya vyoo mpaka kengele igongwe.

Mke wake alikuwa Adela, binti wa wakulima wa Mwimbi. Alikuja kwa Kalisti na darasa lake la saba, mikono iliyojua kufukia majani chini ya matuta na kuyaacha yaoze mpaka msimu wa mahindi, na Kiingereza cha “gudi moningi ticha” peke yake. Lakini alikuwa na masikio. Jioni mumewe akiandaa somo kwa sauti, yeye akipepeta ulezi pembeni, maneno yaliingia. Hakuna aliyejua yameingia mpaka siku ile Kalisti alipochelewa kilabuni na walimu wenzake. Alikuta chakula kimefunikwa na Adela ameketi kwenye kigoda, mikono magotini.

“Ticha,” akasema Adela, taratibu, kila neno mahali pake. “I am not angry.”

Sina hasira. Kalisti alifurahi hadi akapiga makofi. Sentensi nzima, haina kasoro, na ameitoa mwenyewe! Akala ugali wake kwa raha, akamsifu mkewe, akalala. Adela hakumsemesha tena mpaka Jumapili walipotoka misa.

Hapo ndipo Kalisti alipopata akili. Mke wake alikuwa amelelewa na mama mkali kwa adabu, aliyemfundisha kwamba mwanamke akilalamikia njaa, au uchovu, au mwili wake, anaitangaza nyumba ya mumewe kwa watu. Mgeni anapigiwa makofi ya salamu, anapewa kiti, anaambiwa wazima. Hata mume, mpaka uzeeni, ni mgeni kidogo. Kwa Kifipa Adela asingeweza kulalamika, kwa Kiswahili asingeweza. Ndipo akagundua kwamba Kiingereza cha mumewe kina mlango wa uani. Angeweza kulitaja jambo lake kwa kulikana, huku anatabasamu, na asiwe amelalamika. Kazi ya kulidaka ilikuwa ya mume.

Na Kalisti alilidaka. Adela akisema “I am not tired,” alijua mke ameshinda kwenye matuta na mgongo hauna tena nguvu, akachukua ndoo akaenda kuteka maji mwenyewe, wanaume wa mtaa wakimcheka. Akisema “I am not hungry,” alijua unga haukutosha na mgao wake amempa Sharon, mtoto wao pekee, naye akasukuma sahani yake mbele. Hakuna hata mara moja walipoketi kuelezana kwamba mambo yako hivyo. Yalikuwa hivyo tu, na ndiyo yaliyokuwa mapenzi yao kwa miaka yote, mpaka Sharon akakua, akaolewa, akahamia Sumbawanga kuuza nguo sokoni. Ukimtaka mtu mmoja katika Ufipa nzima aliyejua Adela anasema nini anapokana, ni Kalisti. Likumbukwe hilo, maana ndilo linalomla.

Ugonjwa ulianza mvua zikielekea ukingoni. Kalisti alimwona siku moja nyuma ya jiko. Adela alikuwa ameinama, mkono mmoja umeshika nguzo, anatema tonge. Kuku walilikimbilia kana kwamba walikuwa wanalisubiri, na ni kweli walikuwa wanalisubiri. Kuku wale walinenepa mwaka huo. Tonge la pili pia lilikataa kushuka, naye akalitema, akafuta mdomo kwa upande wa kitenge, akageuka.

“Mama Sharon, vipi?”

“Hakuna kitu. Ugali wa leo umekuwa mgumu.” Akapita, kisha akasimama mlangoni, akatabasamu. “Ticha, I am not sick.”

Kalisti alielewa palepale, kama alivyoelewa habari za ndoo. Alimpeleka zahanati, wakapewa vidonge vya tumbo. Vikaisha, wakapewa vingine. Adela akahama kutoka ugali kwenda wali, kutoka wali kwenda viazi vya kupondwa. Migebuka ya kutoka Kasanga, samaki aliowapenda kuliko nyama, alimkaangia mume, akakaa akimtazama anavyokula.

Basi mwezi wa saba habari zikaenea kwamba kuna madaktari wageni kutoka nchi za nje. Wangepiga kambi kwenye kituo kimoja cha afya cha misheni, watazame watu bure, nao Kiswahili hawana, kwa hiyo wanatafutwa wakalimani. Nani mwingine? Paroko mwenyewe alimtuma mtu kwa Mwalimu Kalisti. Kalisti alipiga magoti usiku ule akamshukuru Mungu wazi, kwa machozi. Aliona imepangwa. Miaka yote ya sufuria na mawe ilikuwa maandalizi ya hii, amfikishe Adela mbele ya daktari wa kweli, na aseme mwenyewe, kwa Kiingereza safi, kinachomsumbua mke wake.

Ilikuwa baridi kali. Watu walikuja na mikokoteni ya ng'ombe tangu alfajiri, wamejifunika mablanketi juu ya makoti, wakapanga foleni iliyozunguka jengo. Kijana aliyeitwa Wiliam, mratibu aliyekuja na madaktari hao, aliwakusanya wakalimani uani.

“Shikamooni walimu wangu. Kazi ni moja tu,” aliwaambia. “Anachosema mgonjwa ndicho mnachosema. Msiongeze, msipunguze. Daktari hataki maoni yenu.”

Hayakuwa masihara. Kabla ya mchana mwalimu mstaafu Adolfu aliambiwa aende nyumbani. Mzee mmoja alikuwa amesema hanywi pombe, na Adolfu, aliyemjua mzee huyo tangu utoto, akamwambia daktari, “He says no, but I have seen him.” Mzee akaona daktari amegeuka kumtazama, akafahamu, akapiga kelele kwamba ametukanwa, foleni nzima ikasikia. Adolfu akatoka kichwa chini, akikung'uta kofia ambayo haikuwa na vumbi. Watu wakacheka, na Kalisti naye akacheka.

Yeye alikuwa amepangwa na daktari mwanamke, mrefu, mwenye miwani, ambaye Kiingereza naye alikipata shuleni kama Kalisti, kwa hiyo walielewana. Ulimi wa Kalisti ulifunguka. Mgonjwa anasema goti si zuri, Kalisti analipokea neno likiwa moto, analitoa upande wa pili limenyooka. The knee is not good. The water is not clean. The child is not strong. Kumbe vile vitu vya gunia vilikuwa vinaishi! Jioni daktari alimshika bega mbele ya wenzake wote, akasema hajawahi kupata mkalimani kama huyu katika nchi yoyote, anayesema anachoambiwa na kunyamaza. Sifa ile iliingia kama chai ya tangawizi. Kalisti alirudi nyumbani kifua mbele, na Adela akamcheka, akamwambia ainame mlangoni asigonge kichwa.

Siku ya pili ilikuwa zamu ya Adela. Alivaa kitenge kipya alichoshonewa na Sharon, akajipaka mafuta usoni mpaka mashavu yaliyobonyea yakang'aa. Alipita mlangoni, akakunja magoti, akampigia daktari makofi ya salamu, taratibu, kiganja juu ya kiganja.

“She is my wife,” Kalisti akasema.

Daktari aliruka kutoka kitini kwa furaha. Akamshika Adela mikono yote miwili, akaongea kwa haraka, kisha akamgeukia Kalisti amfikishie. Kalisti aliona haya, lakini kazi ni kazi.

“Anasema... anasema mumeo ndiye mkalimani bora waliyewahi kumpata.”

Adela alimtazama mumewe kuanzia kichwani mpaka viatuni. Uso wake ulifunguka kwa fahari ambayo Kalisti hakuwa ameiona tangu siku ya harusi. Na katika fahari ile ndimo maswali yalimokuja. Mwambie mtu mwingine, si mimi, kwamba mwanamke aliyelelewa vile angeweza kumjibu mgeni aliyemsifia mume wake kwa kummwagia matapishi ya nyuma ya jiko.

Chakula kinapita vizuri?

“Si vibaya,” akasema Adela.

“It is not bad,” akasema Kalisti.

Akimeza panauma?

“Hapaumi.”

“It is not painful.”

Amepungua mwili?

“Mimi tangu usichana si mnene,” akasema Adela, na alipotafsiriwa daktari akacheka, na Adela akacheka naye, wanawake wawili wakiwa wameshikana mikono. Amechoka? Hapana, hakuchoka. She is not tired. Sentensi zote zilikuwa sahihi. Ungeziandika ubaoni kama zilivyo, usingepata pa kuweka alama nyekundu.

Daktari akamminya shingo, akamgonga mgongo, akamwandikia dawa ya kiungulia. Nyuma ya mlango foleni ilikuwa inakohoa. Ndipo, kalamu ikiwa tayari mezani, akainua macho na kumtazama Kalisti, si Adela, akauliza kama kuna jambo jingine lolote.

Kalisti aliwaona wale kuku. Aliwaona wanavyokimbilia tonge. Alifungua mdomo, na yote yalikuwa mdomoni: hawezi kumeza, anatema, hajala ugali tangu mahindi yalipokuwa mabichi, na hapa amekuficha kwa sababu ya adabu. Lakini Wiliam alikuwa amesimama mlangoni na kikadi chake shingoni. Adolfu alikuwa ametolewa jana kwa kosa hilohilo. Mkono wa daktari alikuwa bado anausikia begani. Na Adela alikuwa amesimama wima na kitenge chake kipya. Angesema sasa, angekuwa amemwita mke wake mwongo mbele ya mgeni, siku ambayo mke wake amemwonea fahari.

“No,” akasema. “She is not worried.”

Hana wasiwasi. Hilo hakuna aliyelisema. Adela hakulisema. Siku mbili nzima Kalisti hakuongeza hata neno moja juu ya maneno ya mtu, na alipoongeza aliongeza hilo.

Nje, Adela alifunga dawa kwenye pindo la kitenge. “Umeongea vizuri, Baba Sharon,” akasema. “Wamesikia wote.” Wakashika njia ya nyumbani, maana zamu ya mchana ilikuwa ya mkalimani mwingine. Walipofika kwenye mteremko wa kwanza Adela alisimama akajifanya anafunga kiatu. Akasimama tena kwenye kilima. Kisha akamtazama mumewe, jasho limemtoka kwenye baridi ile, akatabasamu.

“Ticha, the road is not long.”

Kalisti aliita bodaboda palepale. Hapo alidaka, unaona? Njiani alidaka. Akampakia mkewe, akamfunika na koti lake, akasimama barabarani akiitazama pikipiki inavyopotelea kwenye vumbi, na nyuma yake, karibu kiasi cha kusikia sauti za watu, kambi ilikuwa bado pale. Alisema kesho atamwona daktari faraghani. Kesho yake daktari alikuwa na watu wengi, na akamsifu tena. Akasema kesho. Asubuhi iliyofuata mahema yalikuwa yanafungwa, magari yakaelekea upande wa Kabwe, ziwani, na Kalisti akapewa fulana ya shukrani.

Dawa ya kiungulia Adela aliimaliza yote, hakusahau hata siku moja. Viazi vilishindikana, ukabaki uji. Uji ukawa wa maji maji. Alienda shamba, akalima kwa kukaa. Mvua za kwanza zilipoanguka Sharon alikuja kusalimia, akamkuta mama yake uani anaanua nguo, akaangusha mizigo yake yote kwenye tope.

“Baba!” alipiga kelele. “Mama amekuwa hivi, na wewe unamtazama tu?”

Sharon hakusubiri. Walikwenda Sumbawanga, wakatumwa Mbeya, na huko daktari, kijana wa Kitanzania mwenye macho ya huruma, alimchukua Kalisti pembeni. Kuna uvimbe kwenye njia ya chakula, alimwambia. Umeshika mizizi. Akauliza ulianza lini, Kalisti akasema. Mngefika hata mwezi wa saba, alisema, pangekuwa na la kujaribu. Mrudisheni nyumbani akae na watu wake.

Kalisti alirudi wodini akajikaza. Njia nzima, kutoka Mbeya mpaka wanaanza kuuona uwanda wa Ufipa ulivyo mtupu na upepo wake, Adela hakuuliza kitu.

Siku zake za mwisho nyumba haikukosa watu. Jumuiya walikuja na rozari na mikeka, Mama Lucia, mwenyekiti wao, akipanga nani apike na nani aimbishe. Katekista Evaristi aliketi kwenye kiti cha peke yake karibu na dirisha. Ni wema, usiniambie siyo wema. Walifagia, walichota maji, walimgeuza mgonjwa. Lakini hawakutoka. Kalisti hakupata nafasi ya kukaa na mke wake bila kwaya.

Alasiri moja Adela, aliyekuwa ananyweshwa maji kwa kijiko, aliinua kidole kumwita. Kalisti akasogea mpaka miguuni pa kitanda, pale palipokuwa na nafasi ya kusimama. Wimbo ukakoma ili mgonjwa aseme.

“Baba Sharon, daktari wa Mbeya alisemaje?”

Watu wote walimtazama Kalisti.

“Alisema si mbaya,” akajibu.

Adela alimtazama muda mrefu. Sura ile ilikuwa imebaki macho peke yake. Kisha akatabasamu, tabasamu lilelile la mlangoni, la kigodani, la njiani kwenye kilima, na akasema kwa sauti iliyokatikakatika, kila neno mahali pake:

“Ticha. I am not afraid.”

Hakuna duniani aliyeambiwa jambo waziwazi kuliko alivyoambiwa Kalisti saa ile. Mkono wa Adela ulikuwa umetoka nje ya blanketi, kiganja kikiwa juu, unangoja kama ulivyongoja miaka yote mtu achukue ndoo.

“Amesemaje, Mwalimu?” akauliza Mama Lucia.

“Ametumia Kiingereza!” akasema mwingine kwa mshangao. “Amesemaje?”

Wakasogeza vichwa. Hata Evaristi aliinuka kitini. Kulikuwa na watu wanne kati yake na mkono ule. Angewaambia nini? Kwamba amesema anaogopa? Mbele ya katekista, mbele ya jumuiya nzima, mwanamke ambaye hakuwahi kuwaambia hata kwamba ana njaa? Alijiambia wakitoka ataushika mkono, atamwambia naye anaogopa, atalia naye mpaka basi. Wakitoka tu.

“Amesema haogopi,” akasema Kalisti.

Nyumba ililipuka kwa vigelegele. Evaristi akainua mikono akasema imani kama hiyo hajawahi kuiona, na Mama Lucia akaanzisha wimbo kwa sauti ya juu kabisa. Adela alimtazama mumewe kupitia mabega ya watu. Alimtazama kama mtu anayesubiri kukaribishwa ukweni. Kisha aliurudisha mkono chini ya blanketi, polepole, akageuza uso ukutani.

Wao hawakutoka. Waliimba mpaka Mama Lucia alipoinama kumpa maji na kijiko kikarudi kimejaa. Jua lilikuwa bado halijazama.

Mazishini Evaristi alisimama juu ya kifusi akarudia maneno yale. Marehemu alitamka mbele ya mashahidi, alisema, tena kwa lugha ya kigeni, kwamba haogopi. Watu walikuja kumpa Kalisti mkono, mmoja baada ya mwingine, wakimpongeza kwa kuwa na mke wa namna ile. Alishika mikono yao yote.

Baada ya arobaini vijana wa parokia walijenga msalaba wa saruji kaburini, kando ya shamba la Adela. Saruji ikiwa bado mbichi, mmoja wao aliokota msumari akaandika chini ya jina la marehemu, kwa herufi kubwa: HAKUOGOPA. Kalisti alikuwa amesimama pale. Alimwangalia kijana akichora herufi moja moja, akamaliza, akaufuta msumari, akamgeukia kwa heshima, “Imekaa vizuri, mwalimu?” Kalisti akasema imekaa vizuri.

Sharon alibaki nyuma wengine walipoondoka. Alichuchumaa, akapitisha kidole juu ya herufi zile bila kuzigusa. Upepo ulikuwa unalaza majani ya mahindi ya jirani.

“Baba,” akasema. “Ni kweli Mama hakuogopa?”

Kalisti alitazama matuta ya Adela yaliyokuwa yameota majani, ambayo hakuna aliyeyafukia mwaka huo.

“Aliogopa, mwanangu. Aliogopa sana. Aliniambia mwenyewe.”

Sharon aliinua uso. “Alikuambia? Lini?”

“Siku ile. Mbele ya wote.”

“Ukamjibu nini?”

Saruji ilikuwa imeanza kukauka pembeni. Kalisti alivua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena.

“Sikumjibu,” akasema. “Niliwatafsiria wageni.”